Kwa nini bendera ya Komoro ina nyota nne?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wa kidato cha pili wameniuliza jambo, sikuweza kulijibu vizuri. Bendera ya Komoro ina nyota nne, na wanasema ni kwa sababu ya visiwa vinne. Lakini ramani nyingine inaonyesha kisiwa kimoja, Mayotte, kuwa ni cha Ufaransa. Ramani ipi ni sahihi? Na mbona majina ya watu wa huko yanafanana na yetu? Mmoja wa wanafunzi anasema bibi yake huitwa Mngazija, na hajui ana uhusiano gani na visiwa hivyo."

Jibu:

Mwalimu, salamu nyingi. Waambie wanafunzi wako kwamba ramani zote mbili zina la kusema. Kwa mujibu wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, Komoro ni visiwa vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore, ambacho ndicho Mayotte ya ramani za Kifaransa. Ukija kwenye utawala wa kila siku, yaani nani anatoa pasipoti, nani anawalipa walimu na askari wa nani anakukamata, Komoro ni visiwa vitatu, na Maore ni mkoa wa Ufaransa. Nyota ya nne kwenye bendera ni dai ambalo serikali zote za Moroni, mji mkuu wa Komoro, hata zile zilizopinduana, zimelishikilia tangu 1975.

Ila ukiishia hapo utakuwa umewapa watoto mgogoro bila kuwaonyesha watu wenyewe. Wengi wanaoieleza Komoro huanza na dhana kwamba ilikuwa dola moja, kisha mkoloni akaipasua. Kabla ya Mfaransa visiwa hivi havikuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Walikuwa watu wa asili moja, dini moja na ukoo uliosambaa kisiwa hadi kisiwa, lakini wenye masultani wengi waliokuwa wakipigana. Ukilishika hilo, habari za Maore zinaeleweka.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa wewe ni mtu wa jiografia. Visiwa viko kwenye mlango wa kaskazini wa Mlangobahari wa Msumbiji, katikati ya Msumbiji na Madagaska. Vyote vilizaliwa na volkano, ila havilingani umri. Maore ndicho kikongwe. Milima yake imekwishalika ikawa vilima, na miamba ya matumbawe imekizunguka karibu kisiwa chote, ikaacha ndani wangwa mpana wa maji yaliyotulia. Ngazija ndicho kichanga, na Mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361 bado uko hai. Mwaka 1977 lava ilishuka ikafunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yakaanguka kwenye maji ya kunywa ya makumi elfu ya watu.

Hayo majivu yaliwaumiza kiasi hicho kwa sababu Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha kwa wingi, lakini mwamba wa lava una matundu na nyufa, maji yanazama papo hapo. Kwa hiyo nyumba nyingi za vijijini zina birika la saruji. Paa la bati limetegwa mfereji, mfereji unamwaga birikani, na familia inakunywa, inapikia na kutawadhia maji hayo hadi mvua nyingine. Majivu yakitua juu ya bati, mvua ya kwanza inayasukuma yote ndani ya birika. Pale ndipo maji ya miezi kadhaa yanapoharibika kwa siku moja.

Nzuani ni kinyume chake. Ni kisiwa cha miteremko mikali, mabonde na mito, ndiyo maana meli za Waingereza zilizokuwa zikienda Bara Hindi zilipenda kutia nanga huko tangu karne ya 17, kuchukua maji, mbuzi na machungwa. Leo mito mingi ya Nzuani imekauka au inapita wakati wa mvua tu. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 327,382 katika eneo la kilometa za mraba 424, na watu hao wanalima mpaka vileleni. Halafu kuna mlangilangi. Maua yake ya manjano huchumwa alfajiri kabla jua halijayakausha, hutiwa kwenye chombo cha shaba au chuma, na mvuke hupitishwa ndani yake kwa saa nyingi ili kutoa mafuta yanayonunuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Mafuta ya mwanzo ndiyo ghali kuliko yote. Moto wa kuchemshia ni wa kuni, na kuni zinatoka kwenye msitu uleule unaolinda chemchemi. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta haya duniani, na pamoja na karafuu na vanila ndiyo karibu yote inayouza nje.

Mwali ni kidogo, chenye watu zaidi kidogo ya elfu 50, na kina bahati ya utulivu. Kasa wa kijani hupanda ufukwe wa Itsamia kutaga mayai, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda. Na kama wanafunzi wako wanapenda viumbe, wasimulie kuhusu samaki aitwaye gombesa. Wataalamu waliamini samaki wa jamii hiyo walitoweka pamoja na dinosauri, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzuani, Desemba 1952. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, na kwao alikuwa samaki asiye mtamu.

Sasa watu. Makazi ya kale yaliyochimbuliwa, kama Dembeni kule Maore na Sima kule Nzuani, yanaonyesha kuwa watu walikuwa wakiishi humo na kufanya biashara ya mbali tangu yapata karne ya 8 na ya 9. Mabaki ya mazao yaliyokutwa humo yana mpunga na choroko kutoka Asia kwa wingi, jambo linaloonyesha mkono wa mabaharia wa upande wa Indonesia, wale waliokwenda pia Madagaska. Lugha lakini ni ya Kibantu, tena ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, katika kundi moja na Kimijikenda na Kipokomo. Mswahili akimsikiliza Mngazija anayeongea haraka hatamwelewa, ila akikaa naye wiki chache masikio huzoea. Kila kisiwa kina namna yake ya kusema, na kule Maore kuna vijiji vinavyosema Kibushi, lugha ya asili ya Madagaska. Baadaye wakaja waliojinasibu na Shirazi, na masharifu wa Hadhramaut. Tena tusiwafiche watoto kwamba walikuwemo pia watumwa wengi, hasa Wamakua waliovushwa kutoka Msumbiji, ambao wajukuu wao leo ni Wakomoro kama wengine.

Hapo ndipo anapoingia bibi wa mwanafunzi wako. Huku pwani yetu tumezoea kumwita Mngazija kila mtu mwenye asili ya visiwa hivyo, hata kama babu zake ni wa Nzuani au Mwali. Walikuja kama mabaharia, wafanyabiashara, na zaidi ya yote kama wanazuoni. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Habib Saleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu ambako Maulidi husomwa kila mwaka kwa maelfu ya wageni, naye ni mzaliwa wa Ngazija. Wakati wa Waingereza, Wangazija wa Zanzibar walikuwa na shule yao na nafasi nzuri serikalini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walipata tabu na kuhama. Dar es Salaam nayo ndiko chama cha MOLINACO kilikoendeshea harakati za uhuru wa Komoro kuanzia miaka ya 1960. Kwa hiyo mwanafunzi amuulize bibi, asimuulize kisiwa tu, aulize mji. Mngazija hujitambulisha kwa mji wake, na kwa nyumba ya mama yake.

Nasema nyumba ya mama kwa sababu. Hawa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na wanaichukulia dini kwa dhati, lakini kwa mila yao mume huhamia kwa mke. Nyumba ni ya binti, na Ngazija kuna ardhi iitwayo manyahuli inayorithiwa kwa upande wa wanawake na isiyouzwa kirahisi. Ukipita vijijini utaona nyumba nyingi zimesimamishwa nondo juu ya dari, hazijaisha. Ghorofa inayosubiriwa ni ya binti anayefuata. Fedha hutoka kwa ndugu walioko Ufaransa, hasa Marseille.

Fedha hizohizo ndizo zinazogharimia anda, harusi kubwa ya kimila. Mwanamume asiyefanya anda, hata awe na shahada tatu, barazani hahesabiwi mtu mzima, na neno lake ni la mtoto wa mji. Akishaifanya, baada ya ng'ombe kuchinjwa, dhahabu kutolewa na twarab kuchezwa, anavaa joho, anatupa mharuma begani na kukaa mbele. Wapo wanaoilaani kwa kufilisi watu, na kweli inafilisi. Lakini mimi siwezi kuilaani moja kwa moja. Sehemu ya mchango wa anda huingia kwenye mfuko wa mji, na barabara, misikiti na madarasa mengi ya Ngazija yamejengwa na mfuko huo, si na serikali.

Turudi kwa Maore. Mwishoni mwa karne ya 18 majahazi ya wavamizi kutoka Madagaska yalianza kuvipiga visiwa mwaka baada ya mwaka, yakichukua mateka. Mji wa Mutsamudu, Nzuani, ukajijengea ngome inayosimama mpaka leo. Kule Ikoni, Ngazija, wanasimulia juu ya wanawake waliojirusha kutoka jabalini wasitekwe. Maore ndiyo iliyobaki tupu zaidi. Katika udhaifu huo, mfalme wa Kisakalava aliyekimbia vita kwao Madagaska, Andriantsoly, akaja akakitawala kisiwa. Naye alikuwa amezungukwa na maadui, masultani wa Nzuani na Mwali wakikitaka kisiwa hicho. Wafaransa, waliokwishanyang'anywa Morisi na Waingereza, walikuwa wanatafuta bandari. Tarehe 25 Aprili 1841 Andriantsoly akawauzia Maore kwa malipo ya piastre 1,000, sarafu ya fedha ya enzi hizo, kwa mwaka.

Tazama miaka, Mwalimu. Maore iliuzwa 1841. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa 1886, miaka 45 baadaye. Ngazija iliingia kupitia Sultani Said Ali wa Bambao, aliyekuwa ametia saini mkataba na mtaalamu wa mimea, Léon Humblot, uliompa Mfaransa huyo ardhi kubwa ajabu ya kisiwa. Sultani akaishia uhamishoni. Malkia wa mwisho wa Mwali, Salima Mashamba, aliolewa na askari wa Kifaransa mwaka 1901, akaishi na kufia Ufaransa. Mwaka 1912 vyote vinne vikatangazwa koloni, vikaunganishwa na Madagaska mpaka 1946. Muda ambao visiwa vinne vilikuwa nchi moja kwa maana ya kiserikali ni huo wa ukoloni tu, na bwana alikuwa mgeni.

Makao makuu ya koloni yalikuwa Dzaoudzi, Maore. Mwaka 1958 uliamuliwa uhamisho wa makao hayo kwenda Moroni, ukakamilishwa miaka ya 1960. Wanaume wenye ajira wakaondoka na ofisi, na wanawake wa Maore wakabaki na maduka yasiyo na wateja. Wao ndio waliosimama. Wakiongozwa na Zéna M'Déré walikuwa wakiwazingira viongozi waliotumwa kutoka Ngazija na kuwatekenya mpaka washindwe kuhutubia, wapande ndege warudi. Huko Moroni watu huwaona wanawake hao kama vibaraka wa Paris. Mimi nasema hofu yao ilikuwa ya kweli: waliona wanatoka kwenye utawala wa mbali kwenda kwenye utawala wa jirani aliyekwishaonyesha dharau. Paris iliitumia hofu hiyo, lakini haikuizua.

Desemba 22, 1974 ikapigwa kura ya uhuru. Ukihesabu visiwa vyote pamoja, karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Ukihesabu Maore peke yake, zaidi ya asilimia 63 waliukataa. Mgogoro mzima umelala kwenye swali la namna ya kuhesabu. Ufaransa ilikuwa imeafikiana na viongozi wa Komoro kwamba nchi ni moja, kisha bunge lake, kwa sheria ya Julai 3, 1975, likataka katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Siku tatu baadaye, Julai 6, Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa, akatangaza uhuru bila kusubiri. Novemba 12 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne. Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu kwenye Baraza la Usalama, ikaendesha kura nyingine Maore peke yake, na karibu wote wakachagua kubaki.

Kwa maoni yangu, kisheria Moroni ina hoja nzito: mipaka ya koloni haikatwi siku ya uhuru, na Afrika nzima imejengwa juu ya kanuni hiyo. Lakini Moroni yenyewe imewapa watu wa Maore kila sababu ya kutorudi. Mwezi haukutimia baada ya uhuru, Abdallah akapinduliwa kwa msaada wa mamluki Bob Denard, akaja Ali Soilih. Huyu alikuwa kijana mwenye mawazo makubwa. Alitaka kufuta gharama za anda, akawapa vijana madaraka, akachoma nyaraka za serikali ya kikoloni, na vijana wake wakawatesa watu. Wakati wake, mwisho wa 1976, Wakomoro waliuawa kwa mamia mjini Mahajanga, Madagaska, na maelfu wakarudishwa kwa ndege za shirika la Sabena. Mpaka leo huitwa Masabena. Mei 1978 Denard akarudi na kumrudisha Abdallah, Soilih akauawa. Novemba 1989 Abdallah naye akauawa ikuluni, Denard akiwa humo chumbani. Mwaka 1995 Denard alijaribu tena, na safari hii jeshi la Ufaransa likamkamata.

Mwaka 1997 kikatokea kinachouma zaidi: Nzuani ikajitenga na kuiomba Ufaransa iichukue tena. Ufaransa ikakataa. Makubaliano ya Fomboni ya 2001 yakaleta urais wa kuzunguka, kila kisiwa kwa zamu. Mpango huo ulitoa marais kutoka Ngazija, Nzuani na Mwali kwa amani, ingawa Machi 2008 ilibidi majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwemo ya Tanzania, yashuke Nzuani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Mwaka 2018 Rais Azali Assoumani alibadilisha katiba, rais akaruhusiwa mihula miwili mfululizo, na zamu ya Nzuani iliyotarajiwa 2021 haikufika.

Wakati wote huo watu waliendelea kwenda na kurudi Maore kama walivyozoea, kuoa, kuzika, kuuza ndizi. Lililowakata ni viza iliyoanzishwa Januari 1995. Kutoka Nzuani hadi Maore ni kama kilometa 70. Watu hupakiwa usiku kwenye mashua za uvuvi za plastiki zenye mashine mbili, ziitwazo kwasa-kwasa, wakiwa wamechutama ubavu kwa ubavu, wajawazito na wagonjwa wakiwemo, kwa sababu hospitali yenye vifaa iko upande wa pili. Nahodha huzima taa akikaribia Maore ili askari wasimwone, na pale ndipo penye matumbawe. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilitaja makadirio ya waliokufa tangu 1995 kuwa kati ya 7,000 na 10,000.

Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 31, 2011. Ni mkoa maskini kuliko yote ya nchi hiyo, na karibu nusu ya wakazi wake wanahesabiwa wageni, wengi wao wakiwa ni hao ndugu wa kutoka Nzuani na Ngazija. Kimbunga Chido kilipopiga Desemba 14, 2024, mitaa yao ya mabati juu ya vilima vya Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, ndiyo iliyofagiliwa kwanza. Wengine hawakwenda kwenye makimbilio wakihofia kukamatwa. Hospitali ya mji huo huzalisha karibu watoto elfu kumi kwa mwaka, zaidi ya hospitali nyingine yoyote ya Ufaransa, na kina mama wengi ni Wakomoro. Sheria ya Mei 2025 imebana zaidi masharti ya mtoto aliyezaliwa hapo kupata uraia wa Ufaransa: wazazi wake wote wawili lazima wawe wanaishi nchini kihalali.